Siku Koti Langu Lilipopiga Yowe Kwenye Mahari Yangu

Naanza kwa kusema wazi kwamba nina hasira, na asiniambie mtu nitulie, maana kila ninayemsimulia habari hii huanza na "tulia Obedi, tulia" huku yeye mwenyewe anacheka mpaka anatafuta ukuta wa kuegemea. Niliaibika mbele ya ukumbi mzima wa watu waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote, niliaibika mbele ya mwanamke niliyekwenda kumposa, na tangu siku hiyo kuna watu hapa Durban, watu wazima na akili zao, wakipita mbele ya kibanda changu hawaniiti jina langu, wananiita Koti. Habari za leo, Koti. Basi acha niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkisubiri kuisikia kwa wengine mtaambiwa nilikuwa mpelelezi wa polisi, na hilo nalo linanitia hasira.

Yote yalianzia Morningside, kule juu kwenye nyumba zenye kuta ndefu, ambako nilikwenda kumtengenezea simu mzee mmoja mstaafu wa Kizungu (dada anayemsaidia kazi za nyumbani ni mteja wangu, mimi ni fundi simu pale Isipingo karibu na stendi ya taxi). Mzee yule alikuwa anafunga vitu vyake ahamie nyumba ya kutunzia wazee, mezani pamejaa makorokoro, na katikati ya makorokoro kuna kidude cheusi chenye antena, mithili ya simu ya upepo ya mlinzi. Nikamuuliza ni nini. Akakiwasha bila kunijibu, na mle ndani ikatoka sauti ya nahodha wa meli iliyokuwa nje huko baharini, anaomba ruhusa ya kuingia bandarini, kwa adabu kabisa, kama mtu anayebisha hodi. Jamani, mimi ni mtoto wa Singida. Maji makubwa niliyokua nayaona ni ziwa letu la chumvi lenye ndege korongo, na sasa nimekaa kwenye sofa la mtu namsikiliza nahodha. Nilikipenda pale pale na sikujificha.

Kile kidude kinaitwa skana. Kinapita kwenye mawimbi yote ya redio za watu wengine, ya malori, ya walinzi, ya meli, ya ndege, na kikikuta mtu anaongea kinasimama, unasikiliza. Mzee akanieleza kwa upole kwamba kazi yake ni kusikia tu, chenyewe hakisemi, na waungwana wanaocheza na vitu hivi wana sheria moja: unachokisikia humo si chako, ukikitoa nje umeiba. Mimi nikaitikia "sharp, sharp" kama mtu aliyeelewa, nikakubaliana naye bei, nikateremka nacho kwenye taxi nimekikumbatia. Sikuelewa chochote.

Miezi iliyofuata nilikuwa mtu wa furaha, lazima niseme ukweli. Kibandani nikifungua simu za watu, waya wa sikioni uko sikio la kushoto, nasikia madereva wa malori wa Clairwood wakilalamika foleni ya kuingia bandarini, nasikia mlinzi wa ghala anaripoti mbwa, mlinzi mwenzake anamuuliza mbwa gani, anamwambia mbwa wa jana. Wenzangu walinicheka kwamba mtu mzima ananunua redio isiyopiga hata muziki. Sikujali. Wengine wana mpira, wengine wana pombe, mimi nilikuwa na mbwa wa jana.

Sasa, Furaha. Furaha anasuka nywele saluni moja mjini, ni Mkongo wa Bukavu, anaongea haraka na anacheka polepole, na nilikuwa nimemtaka kwa muda mrefu mpaka hata wateja wake walikuwa wananisalimia shemeji. Mama yake alifariki hapahapa Durban. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Byamungu, mtu mkimya, ukimsalimia anakuitikia baada ya wewe kuwa umeshakaa. Na kuna baba mdogo, Tonton Deo, anayefanya kazi kwenye ghala huko Clairwood, huyo sasa ndiye msemaji, mtu ambaye akishika maiki ni lazima mtu mwingine aje kumnyang'anya. Bila hawa wawili kukubali, Furaha aliniambia wazi kwamba haolewi. "Mi siwezi kutoka kwa Papa kama mwizi," alisema. Kwa hiyo kila kitu changu kilikuwa kinasubiri kikao kimoja cha mahari.

Na mimi kwa mahari ningekwenda na nani? Baba yangu yuko Singida, wajomba wako Singida, hata mbuzi wangu wako Singida. Ilibidi nifanye kama wanavyofanya wote huku, nikaazima wazee. Mshenga wangu alikuwa Mzee Mhando, Mtanga anayeuza viatu, ambaye ameshakuwa mjomba wa vijana wengi sana mjini hapa na ana suti maalumu ya ujomba. Shangazi nikampata mama mmoja wa Kikenya anayeishi jengo letu, akaniuliza ukoo wetu ni wa watu gani ili asiharibu, nikamwambia wewe tabasamu tu. Hakuna ubaya katika hilo. Ukiwa mbali na kwenu, undugu unautengeneza kwa mikono. Lakini lilikuwa jambo linaloniuma chini kwa chini, na naomba mlishike, kwa sababu ndipo nilipochomwa.

Siku moja kabla, Furaha akanipigia simu.

"Obedi, kesho usikuje na ile mashine yako."

"Nitakuja nayo kufanya nini?"

"Mi nakujua," akasema. "Sikia. Kesho bwana harusi haongeagi. Hata bakikutukana, weye unaangalia chini. Mzee Mhando ndiye anajibu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia, hata kwetu bwana harusi hasemi, mshenga ndiye mdomo. Lakini asubuhi yake, ninavaa koti, tai inakataa kufungika, nikaiona skana iko kitandani, nikajiambia: nitakaa kimya saa nyingi mbele ya watu, kwa nini nisisikilize meli kidogo, zinitulize moyo. Waya mmoja, sikio la kushoto, nywele zangu zimeshafunika kidogo. Kichwa kitakuwa kimeinama, nani ataona? Hilo ndilo kosa lenyewe. Mnaweza kuniona pale nimesimama na soksi moja, naitia mfukoni kwa ndani, najiona mjanja.

Kikao kilikuwa kwenye kanisa lao Clairwood, jengo ambalo zamani lilikuwa ghala, nje malori yanapita, ndani wameweka mapazia ya zambarau na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Wanawake wa Kikongo wamependeza kwa vitenge, Furaha kafichwa kwa nyuma amefunikwa nguo kama desturi inavyotaka, na harufu ya mbuzi wa kuchoma inaingia kutoka uani. Kijana wa vyombo vya muziki, Tresor, alikuwa kwenye mashine zake, na Tonton Deo alikuwa amebandikwa ile maiki ndogo ya kubana kwenye shati isiyo na waya, maana alikataa kata kata kuongea kwa mdomo mtupu kama watu wengine. Salamu zikapita, zawadi zikapita, Mzee Mhando akaongea vizuri mpaka nikajivunia ujomba wake. Ndipo Deo akasimama na kusema sasa upande wa binti unakwenda chumba cha ndani kushauriana. Wakanyanyuka, yeye, Mzee Byamungu na wazee wengine wachache, wakafunga mlango. Tresor akateremsha sauti ya spika, akaenda kuangalia nyama.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo ninapomlaumu huyu Tresor mpaka leo. Kuteremsha spika si kuzima maiki. Maiki ilikuwa bado kifuani kwa Deo, iko macho, inarusha kila kitu. Na skana ukiiacha itafute yenyewe haina adabu, inakimbilia sauti iliyo karibu na yenye nguvu. Mimi nilikuwa na meli yangu, nahodha anasema jambo, mara kimya, skana ikatafuta, ikatafuta, halafu sikioni mwangu, waziwazi, kama mtu ameniinamia begani, akaja Tonton Deo.

Ningebonyeza kitufe kimoja tu ningerudi kwenye meli. Kitufe kimoja. Kidole kilikuwa juu yake. Lakini niambieni nani kati yenu, wazee wakiwa wamejifungia wanamjadili yeye, angebonyeza? (Furaha anasema yeye angebonyeza. Haya.)

"Huyu ni mutu gani tunamupa mutoto?" Deo alikuwa anasema, na sauti haikuwa ile ya kwenye maiki, ilikuwa kavu. "Kazi yake ni kufungua simu ya batu mu kibanda, anaikala juu ya kiti ya plastic, mvua ikinyesha kazi imekwisha. Nyumba hana. Usiku na muchana anasikiliza redio ya balinzi kama mutu ya kuchanganyikiwa. Na hawa bazee alikuja nabo, ni ba kuazima. Huyo Mhando nilimuona mwaka jana ni muyomba ya kijana ingine. Huyu hana mutu."

Hana mtu. Damu ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kama desturi, wanawake wananiangalia, mama mmoja akamwambia mwenzake kijana ana adabu huyu, na mimi ndani nachemka. Hasira ya kuambiwa uongo inapoa, ile ya kuambiwa kweli ndiyo inaunguza. Kiti ni cha plastiki, ndiyo. Mvua ikinyesha sina kazi, ndiyo. Mhando ni wa kuazima. Lakini wewe Deo uliyekuwa unanipiga mgongoni juzi tu ukiniita muko yangu, yaani mkweo, unayasema hayo nikiwa hapo nje?

Halafu ikaja sauti nyingine, ya chini, mpaka ilinibidi nikandamize sikio. Mzee Byamungu.

"Miye sina maneno mingi. Tangu mama yake alikufa, iyi nyumba iko na sauti moja tu, ya Furaha. Akienda, mi nitabakia na ukuta."

Mtu mwenye moyo angetoa waya sikioni hapo hapo. Mimi nilichosikia ni kwamba nimekataliwa, na sababu wameshaipata. Nikateremsha sauti yote kwa hasira, nisiwasikie tena, nikamwinamia Mzee Mhando nikamnong'oneza kwamba watu hawa ni wanafiki, akaniuliza umejuaje, nikamwambia utaona. Mzee Mhando akanishika goti. Alifikiri ni woga.

Mlango ukafunguliwa. Wakatoka mmoja mmoja wakakaa, Tresor akarudi mbio akapandisha spika, na Tonton Deo akasimama katikati na tabasamu lake, akafungua mikono, akaanza, "Bazee wetu, tumezungumza, na tumeona kwamba..."

Nilisimama. Sikumbuki miguu ikiniuliza. Nilisimama nikamwambia, "Umeona nini, Deo? Umeona kiti cha plastiki? Umeona nalishwa na jua? Semea hapa, mbona mle ndani ulikuwa na mdomo?" Mzee Mhando ananivuta koti, nikamtoa mkono. Nikaendelea, Mungu anisamehe, nikajibu moja baada ya jingine, kazi yangu, nyumba yangu, wazee wangu kwamba kama ni wa kuazima basi nimeazima walio bora, na kila nililojibu ni jambo ambalo pale ukumbini hakuna mtu alikuwa amelisema. Watu wakaanza kutazamana. Na badala ya kuona kwamba wanatazamana nikafikiri nawashinda, nikamgeukia Mzee Byamungu nikasema, "Na wewe mzee, kama unataka Furaha asiolewe ili usibaki na ukuta, sema mbele ya watu, usijifiche nyuma ya marehemu mkeo."

Hilo ndilo ninaloona aibu nalo. Mengine nacheka nikichoka, hilo sicheki. Mzee aliniangalia, halafu akaangalia kule nyuma alikokuwa Furaha, na nikaona ile nguo aliyofunikwa inashuka na uso wa Furaha unatokea kabla ya wakati wake.

"Nani alikuambia maneno ya mule ndani?" akauliza mzee, taratibu.

Ndipo akili iliporudi. Nikatia mkono kwenye koti nizime kile kidude haraka, waya ukachomoka sauti ikahamia kwenye spika yake yenyewe, na kitufe cha kuzungusha sauti, badala ya kukizungusha kushoto, nikakizungusha kulia mpaka mwisho. Deo alikuwa amenisogelea anasema, "Sasa huyu anasikilia wapi maneno yetu?" na koti langu, kifuani kwangu, kwa sauti kubwa kuliko yake, likasema sasa huyu anasikilia wapi maneno yetu. Akarudi nyuma hatua. Kisha maiki yake ikalisikia koti, koti likaisikia maiki, spika za kanisa zikawasikia wote wawili, na likatoka yowe ambalo sijawahi kulisikia tena, yowe la kutoboa meno, watoto wakaziba masikio, Tresor akaruka juu ya mashine zake akaangusha kinanda, na mimi napigapiga kifua changu mwenyewe kama mtu anayezima moto.

Lilipokatika, mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ni impimpi." Ndivyo wanavyomwita huku mtu wa kupeleka habari polisi. Hakupiga kelele, alisema tu, akachukua mkoba wake. Na mnajua maisha ya wageni mji huu, huyu karatasi zake zinasubiriwa, yule zimekwisha muda, neno kama hilo halihitaji kurudiwa. Nusu ya ukumbi walitoka kwa mlango wa pembeni na vitenge vyao. Shangazi yangu wa Kikenya, niliyemwambia atabasamu tu, alitoka akiwa bado anatabasamu. Nikamgeukia mshenga wangu anitetee. Mzee Mhando alikuwa amekwishasimama, ana sahani ya nyama mkononi (mbuzi alikuwa ndiyo kwanza ameletwa), akaniambia, "Kijana, mimi nimekuja kuwa mjomba. Sikuja kuwa shahidi." Akaondoka na sahani ya watu.

Nilitoka nikasimama kwenye robot ya kona, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, inawaka nyekundu, inawaka kijani, mimi sivuki. Malori yanapita. Furaha akaja, na nguo zake zote za mahari, dereva mmoja akampigia honi ya pongezi, nikataka kumtupia jiwe.

"Weye uko na kichwa ya namna gani?" akasema. Hakulia. Afadhali angelia.

Nikamwambia wamenitukana, nimesikia kwa masikio yangu.

"Ulisikia nusu." Na akanieleza, pale kwenye robot, maneno ambayo mtu yeyote wa kwao angenieleza kama ningeuliza. Kwamba katika ukoo wao, kabla ya kumkubali mkwe, mzee mmoja anapewa kazi ya kumsema. Anasema kila baya, lililo kweli na lisilo kweli, mle chumbani, mlango umefungwa, mpaka liishe. Likishasemwa limekwisha, hakuna ndugu atakayeruhusiwa kulirudia tena maisha yote, hata wakigombana. Ndiyo maana chumba. Ndiyo maana mlango. "Bakishamaliza kukusema, ndiyo bamekukubali. Hawasemagi mutu wenye banakataa, juu ya nini bajichokeshe? Tonton alikuwa anamaliza mabaya, na weye umeenda kuyachukua, ukayaleta inje mbele ya batu."

Nikajibu la kijinga, nikamwambia hata hivyo Deo hana haki ya kuwasema wazee wa kuazima.

"Tonton Deo si ndugu ya Papa," Furaha akasema. "Balijuana hapa, mu foleni ya makaratasi ya ukimbizi. Papa alikuwa hana mutu, na yeye alikuwa hana mutu." Akageuka akarudi kanisani, na kitambaa chake kirefu kinaburuta vumbi la Clairwood.

Nilikaa kibandani siku zilizofuata kama mgonjwa. Simu yake haipokelewi. Wateja Wakongo wakanikimbia wote, mtu na kioo kilichopasuka anaona bora avuke barabara akamtafute fundi mwingine kuliko kuongea mbele ya koti langu. Nilimchukia Tresor, nilimchukia Mhando na sahani yake, nilimchukia yule mzee wa Morningside kwa kuniuzia kitu kisichosema ambacho kikasema. Nilikuwa na hasira na kila mtu kwa zamu, na zamu yangu ilipofika nilikuwa nalala mapema. Skana niliitupa chini ya kitanda. Lakini kila nikikumbuka, si yowe lililonirudia, ni uso wa yule mzee alivyoangalia kule nyuma.

Mwishowe nikaenda mwenyewe, bila mshenga, jambo ambalo kwao na kwetu ni ukosefu wa adabu, lakini adabu yangu ilikuwa imeshakwisha kitambo, sikuwa na ya kupoteza. Mzee Byamungu alifungua mlango. Deo alikuwa ndani, amekaa, kwa mara ya kwanza kanyamaza. Nikaomba msamaha kwa Deo kwanza, kwa kuwa nilidhani ndiye niliyemkosea zaidi.

Mzee akanikatiza. "Ya Deo ni kazi, alipewa. Ile yangu haikuwa kazi."

Nilipiga magoti, mtu mzima, kwenye zulia lao. Akaniacha hapo kwa muda mrefu. Hakuna aliyesema inuka, na kusema kweli hata katika magoti nilikuwa na hasira, nawaza huyu mzee atanitesa mpaka lini, halafu naona haya kwa kuwaza hivyo.

"Ile mashine iko wapi?" akauliza.

Iko nyumbani, nikasema. Akaniambia nenda ulete. Nikaenda, nikarudi nayo, nikijua ataivunja mbele yangu, na nilikuwa tayari. Hakuivunja. Aliniambia niiwashe. Nikaiwasha, na nikamwonyesha namna ya kuiacha itafute yenyewe, ikapita mlinzi mmoja, ikapita lori, halafu ikatua kwa nahodha anayebisha hodi bandarini. Mzee akaisogeza karibu. Akasikiliza mpaka meli ile ikaruhusiwa. Kisha akainuka, akaiweka juu ya kabati, pembeni ya picha ya mama Furaha, hakuizima.

"Hii inabakia hapa," akasema. "Mutoto anaenda, sauti inabakia."

Basi mahari ikafanyika upya, sebuleni kwao, watu wachache, Tresor hakualikwa. Mzee Mhando alirudi na suti yake ya ujomba kana kwamba hakuwahi kuondoka na nyama ya watu, nikameza hasira nikamwita mjomba. Safari hii hawakwenda chumbani, maana mabaya yangu yalikuwa yamekwisha kutoka nje, hakuna chumba cha kuyatosha. Mzee Byamungu akaagiza nikae katikati, nisemwe uso kwa uso mpaka yaishe. Deo akanisema. Alisema kiti cha plastiki, alisema mvua, akaongeza yowe, akaongeza wizi wa masikio, na yale ya magoti yangu kwenye zulia akayaongeza pia, msengenyaji mkubwa yule, anaipenda kazi yake. Niliangalia chini. Kila neno liliingia na sikulijibu, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Alipomaliza akarekebisha shati pale ambapo maiki ingekuwa. "Bazee wetu," akasema, "tumezungumza, na tumeona kwamba huyu ni mutu yetu."

Sentensi ile ile. Ilikuwa inakuja kwangu siku ile kanisani, maneno yamebaki machache tu, nikaikata kwa mdomo wangu mwenyewe. Hiyo ndiyo inayonikera kuliko yowe, kuliko jina la Koti, kuliko kila kitu.

Kwa hiyo nimeapa. Maneno nisiyoambiwa mimi sitayasikiliza tena, na mtu akiongea na maneno manne ya mwisho yamembakia, nitamngoja hata kama nawaka moto. Skana sina, na sitanunua nyingine. Kila Jumamosi napanda kwa baba mkwe kumbadilishia betri, namkuta anajua habari za bandari yote, meli gani imeingia, mlinzi gani ana mbwa, ananisimulia mpaka chai inapoa, na nikifungua mdomo kumjibu ananyoosha mkono ninyamaze, kuna nahodha anaongea. Nanyamaza. Na siku mkinikuta kwenye mahari ya mtu nimekaa nimeinamisha kichwa, njooni mkague, masikio yote mawili, hakuna waya.